Pinard: Aliyewapa wakunga sikio, akadai mjamzito apumzike

Na Mwandishi Wetu, Magu

KATIKA zahanati na vituo vya afya vya Wilaya ya Magu, mkoani Mwanza, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya nchi yetu, kipo chombo kidogo chenye umbo la tarumbeta ambacho hukaa juu ya meza ya mkunga, jirani na mizani na kadi za kliniki. Hakina waya wala betri. Urefu wake unakaribia shubiri moja. Ncha yake moja imepanuka kama kikombe, na ya pili ni bapa, yenye tundu katikati.

Mkunga huweka ile ncha pana juu ya tumbo la mama, huinama na kubana sikio kwenye ncha bapa, kisha huondoa mkono wake, kwa sababu vidole vikikishika chombo huleta mchakacho unaofunika sauti inayotafutwa. Hutazama saa. Kwa dakika nzima chumba hunyamaza, na mama hutazama dari akisubiri uso wa mkunga uinuke na kumweleza habari ya mtoto wake.

Wauguzi huita chombo hicho fetoskopu, na wengi waliopita vyuo vya uuguzi hukijua pia kwa jina la Pinard. Si wengi wanaofahamu kwamba jina hilo ni la mtu.

Adolphe Pinard alikuwa daktari na profesa wa elimu ya uzazi jijini Paris, Ufaransa. Alizaliwa Februari 4, 1844 na kufariki dunia Machi 1, 1934, wiki chache baada ya kutimiza umri wa miaka 90. Alipokipa chombo hicho umbo tulijualo, mwaka 1895, Mwanza ilikuwa kituo kichanga cha utawala wa Wajerumani kando ya Ziwa Victoria.

Hata hivyo, pembe hiyo si jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya. Sehemu kubwa ya maisha yake Pinard aliitumia kudai jambo lililo gumu kuliko kuchonga mti: kwamba mama mjamzito aachwe apumzike kabla ya kujifungua. Pembe yake ilisafiri hadi Magu. Dai lake la pili bado liko njiani.

Mikono kabla ya sikio

Pinard alizaliwa Méry-sur-Seine, mji mdogo ulio kando ya Mto Seine, katika jimbo la Aube, na akaenda Paris kusomea udaktari. Huko alifanya kazi chini ya Stéphane Tarnier, mkunga mkuu wa zama zake, ambaye mwaka 1881 alianzisha matumizi ya visanduku vya joto vya kulelea watoto njiti katika hospitali ya uzazi ya jiji hilo. Ni kwa bwana huyo kijana Pinard alijifunza kwamba kichanga dhaifu si wa kukatiwa tamaa.

Enzi hizo kuzaa kulikuwa hatari kubwa. Upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni uliua akina mama wengi, na daktari mara nyingi aligundua kwamba mtoto amelala vibaya wakati uchungu umekwisha kupamba moto. Pinard aliona kwamba tatizo lilianza mapema zaidi, pale mama alipoachwa bila kuchunguzwa hadi siku ya mwisho. Mwaka 1874 aliandika tasnifu kuhusu kasoro za mifupa ya nyonga, na mwaka 1878 akatoa kitabu kilichofundisha namna ya kulipapasa tumbo la mjamzito: kichwa kiko wapi, mgongo umeelekea upande gani, na mtoto aliyetanguliza makalio anaweza kugeuzwaje kwa mikono, kutokea nje, kabla ya uchungu kuanza.

Mafundisho hayo yangali hai. Mkunga wa leo, awe Nyanguge, Kahangara au Kisesa, haweki pembe mahali popote tu. Kwanza hupapasa kwa mikono miwili hadi ajue mgongo wa mtoto ulipo, kwa kuwa ndipo mapigo ya moyo husikika vizuri zaidi. Mikono humwonyesha mkunga mahali pa kutega sikio.

Mwaka 1889 Pinard alipewa uprofesa na uongozi wa kliniki mpya ya uzazi ya Baudelocque, ambayo ilifunguliwa mwaka uliofuata. Alikaa hapo hadi mwaka 1914, alipomwachia nafasi mkwewe, Dk. Alexandre Couvelaire. Waliozaa katika kliniki hiyo wengi wao walikuwa wanawake maskini wa Paris: mafundi cherehani, wafua nguo, watumishi wa majumbani na vibarua wa viwandani.

Pembe ya mwaka 1895

Pinard hakuwa wa kwanza kuusikia moyo wa mtoto aliye tumboni. Mwaka 1816 Mfaransa mwenzake, Dk. René Laennec, aliviringisha karatasi ili asikilize kifua cha mgonjwa bila kumwekea sikio, na hapo ndipo ilipozaliwa stetoskopu. Mwaka 1818 daktari wa Geneva, Uswisi, François Mayor, aliweka sikio juu ya tumbo la mjamzito na kusikia mapigo ya mtoto.

Miaka mitatu baadaye, 1821, Dk. Jacques de Kergaradec alichukua chombo cha Laennec akitaka kusikia mtoto akichezacheza ndani ya maji ya uzazi. Badala ya maji akasikia mapigo ya haraka, ya haraka kuliko ya mama mwenyewe. Alitambua upesi maana yake. Kama moyo unasikika, basi inawezekana kujua kama mtoto yu hai. Na kama mapigo yanabadilika, inawezekana kujua kwamba mtoto yumo taabani.

Kati ya Kergaradec na Pinard walipita mafundi wengi waliochonga mirija ya kila namna. Kazi ya Pinard ilikuwa kukipa chombo umbo lililodumu: mdomo mpana wa kukusanya sauti, shina lenye uwazi, na kitako bapa kinacholala vizuri kwenye sikio. Tangu hapo kimechongwa kwa mti, kikafuliwa kwa madini ya alumini na kumiminwa kwa plastiki, lakini umbo halikubadilika sana.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Moyo wa mtoto aliye tumboni kwa kawaida hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Kila uchungu unapobana, damu inayopita kwenye kondo la nyuma hupungua kwa muda. Mtoto mwenye nguvu huvumilia. Aliyechoka huonyesha uchovu wake kwa mapigo yanayoshuka na kuchelewa kurudi. Ndiyo maana mkunga hutakiwa kusikiliza mara tu baada ya uchungu kupita, kila baada ya dakika 15 hadi 30 wakati njia inafunguka, na kila baada ya dakika tano hivi mama anapoanza kusukuma.

Siri ya mizani

Katika mwaka ule ule wa 1895, Pinard alisimama mbele ya Chuo cha Tiba cha Ufaransa, ambacho alikuwa mwanachama wake tangu 1892, akiwa na hesabu ambayo pengine inastahili kukumbukwa kuliko pembe.

Miaka michache kabla ya hapo, wahisani jijini Paris walikuwa wamefungua nyumba za hifadhi kwa wajawazito wasio na pa kwenda. Mojawapo ilikuwa katika barabara ya Maine. Humo mama alipata kitanda, chakula na kazi nyepesi hadi siku zake zitimie. Pinard, ambaye aliwazalisha wengi wao, alianza kuona tofauti kati ya watoto wao na watoto wa wanawake waliofika kliniki wakitokea moja kwa moja kazini.

Akapima. Alichukua akina mama 500 waliofanya kazi hadi uchungu ulipowashika. Watoto wao walikuwa na wastani wa gramu 3,010. Akachukua 500 waliokaa katika hifadhi ya barabara ya Maine kwa siku zisizopungua kumi. Watoto wao wakawa na gramu 3,290. Kisha akachukua 500 waliolala na kupumzika katika kliniki yake ya Baudelocque. Wa kwao wakafikia gramu 3,366. Mbali na uzito, aliona pia kwamba waliopumzika walielekea kuzikamilisha siku zao za ujauzito.

Mtafiti wa leo angeuliza maswali mengi juu ya hesabu hizo. Je, makundi hayo yalilingana kwa umri na afya? Je, kilichowasaidia ni mapumziko yenyewe au chakula cha uhakika? Ni maswali ya haki. Lakini kwa wasikilizaji wa mwaka 1895 ujumbe ulikuwa mzito: gramu zaidi ya 300 zilizopungua kwa mtoto wa maskini hazikutokana na asili yake, bali na mzigo uliokuwa mgongoni mwa mama yake.

Elimu hiyo ya kumlea mtoto tangu akiwa tumboni Pinard aliipa nguvu mpya nchini mwake. Aliingia hata katika shule za wasichana za Paris kufundisha malezi ya vichanga, na mwaka 1904 akachapisha kitabu cha masomo hayo. Alisisitiza maziwa ya mama wakati ambapo watoto wengi wa mjini walipelekwa kwa walezi wa kulipwa.

Sheria hazikuja kwa haraka. Mwaka 1909 Ufaransa ilipitisha sheria iliyomlinda mfanyakazi asifukuzwe kazi kwa kukaa nyumbani wiki nane wakati wa uzazi, ingawa bila malipo. Mwaka 1913 ikaja nyingine iliyoweka mapumziko ya lazima ya wiki nne baada ya kujifungua pamoja na posho. Pinard alikuwa miongoni mwa waliozipigania.

Vita Kuu ya Kwanza ilipowaingiza wanawake wengi katika viwanda vya silaha, alisimama tena mwaka 1916, akiwa na miaka 72, kutaka wajawazito na wanaonyonyesha wasiajiriwe humo kabisa. Wengi wa wenzake waliona nchi isingeweza kuwakosa wafanyakazi hao. Wakapendekeza kazi nyepesi na saa pungufu. Mwaka 1919 mzee huyo aliingia bungeni kama mbunge wa Seine, na akakaa huko hadi mwaka 1928.

Kivuli katika wasifu

Haingekuwa haki kueleza maisha ya Pinard bila kutaja upande wake wa giza. Mwaka 1912 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha Ufaransa kilichoeneza nadharia ya kuboresha kizazi cha binadamu, na baadaye akawa kiongozi wake. Mwaka 1926 alipeleka bungeni muswada wa kumtaka mwanamume apate cheti cha daktari kabla ya kufunga ndoa.

Wakati huo nadharia hiyo iliwavutia wasomi wengi wa Ulaya na Marekani. Katika nchi nyingine ilizaa ukatili wa kuwahasi watu kwa nguvu na, chini ya Wanazi wa Ujerumani, mauaji. Pinard mwenyewe alielekeza nguvu zake katika afya ya mama, lakini hoja yake ilibeba hatari: mama alitetewa kwa kuwa taifa lilihitaji watoto imara, si kwa sababu tu yeye ni binadamu anayechoka. Anayechukua mema ya mzee huyo hana budi kuyachambua, kama mtu apetaye mpunga akitenga mchele na pumba.

Mashine zinapoingia

Pinard alikufa kabla ya kuiona mashine iliyokuja kushindana na pembe yake. Mwaka 1958, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, Dk. Edward Hon alieleza njia ya kurekodi mfululizo mapigo ya moyo wa mtoto kwa umeme. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mashine za namna hiyo zilianza kuuzwa. Mama hufungwa mikanda miwili tumboni, mmoja wa mapigo na mwingine wa uchungu, na karatasi hutoka ikiwa na michoro miwili inayoenda sambamba.

Wengi waliamini kwamba pembe imefika mwisho wake. Utafiti uliotangazwa mwaka 1985 kutoka Dublin, Ireland, uliohusisha karibu wanawake 13,000, uliwapoza. Vifo vya watoto havikutofautiana kati ya waliofuatiliwa kwa mashine na waliosikilizwa kwa vipindi na wakunga. Mashine ilipunguza degedege kwa vichanga, lakini akina mama wengi zaidi walizalishwa kwa koleo.

Somo hilo lilikuja na sharti lake: wakunga wa Dublin walikuwa wa kutosha, na walisikiliza kwa wakati. Mambo ni mengine pale mkunga mmoja anapohudumia akina mama kadhaa usiku. Utafiti uliofanyika Harare, Zimbabwe, na kutangazwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba kifaa kidogo cha mkononi kinachotumia mawimbi ya sauti kiligundua mapigo yenye hitilafu mara nyingi zaidi kuliko pembe, na watoto walitoka wakiwa na hali bora. Kifaa hicho hufuata kanuni iliyoelezwa mwaka 1842 na Christian Doppler wa Austria, na uzuri wake mmojawapo ni kwamba mama naye husikia.

Tanzania imo katika sura ya karibuni ya historia hii. Kampuni ya Laerdal Global Health ya Norway ilitengeneza kifaa cha kufungwa tumboni kinachofuatilia mapigo ya mtoto na kutoa ishara yanapoharibika. Kilifanyiwa utafiti katika hospitali za hapa nchini, ikiwamo ya Haydom mkoani Manyara, na kikapewa jina la Kiswahili: Moyo. Tafiti zilionyesha kwamba wakunga wakikitumia hugundua hitilafu nyingi zaidi kuliko kwa pembe.

Lakini kugundua si kuokoa. Baadaye ulikuja mpango uliojumuisha vifaa hivyo na mazoezi ya mara kwa mara ya watumishi, ukatekelezwa katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 2025, yalionyesha kupungua kwa vifo vya akina mama na watoto. Kilicholeta nafuu hakikuwa kifaa peke yake, bali kifaa kilicho mikononi mwa mtu aliyezoezwa, asiyechelewa kuita msaada.

Shamba la pamba na mizani ya zahanati

Takwimu za kitaifa zinaonyesha pengo lililobaki. Utafiti wa hali ya afya nchini wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini vifo vya watoto walio chini ya siku 28 vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa kwanza, na 24 katika wa pili. Mama anapona zaidi kuliko zamani. Kichanga karibu amebaki pale pale.

Sababu ni nyingi, na miongoni mwake ni watoto kuzaliwa kabla ya wakati na wakiwa na uzito mdogo. Hapo ndipo Pinard wa mizani anapostahili kusikika kama Pinard wa pembe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na inamruhusu kuianza wiki nne kabla ya siku anayotarajia kujifungua. Karani wa benki jijini Mwanza anaweza kuidai. Mwanamke wa Magu anayelima pamba na mpunga hana mwajiri wa kumwandikia barua.

Kalenda yake huamuliwa na mvua. Pamba hupandwa Novemba na Desemba, hupaliliwa mwanzoni mwa mwaka, na huvunwa kuanzia Mei. Mimba haingoji msimu upite. Palizi hufanyika, maji huchotwa na kuni hubebwa, mara nyingi hadi siku uchungu unapoanza, ndipo bodaboda hutafutwa. Mkunga hupokea mwili uliochoka, akauwekea pembe na kusikiliza kama mtoto naye amechoka.

Hakuna sheria itakayofika katika kila shamba. Lakini mapumziko ya mjamzito kijijini hayahitaji mashine kutoka ng'ambo wala umeme. Yanahitaji mume anayechukua jembe la pili, wifi anayebeba ndoo, mama mkwe anayekubali kwamba kulala mchana si uvivu, na mkunga ambaye, akimaliza kuhesabu mapigo, anamwita mume ndani na kumweleza hayo wazi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema wahenga. Lakini mzigo wa mimba si lazima aubebe mzazi peke yake.

Pinard alirejea Méry-sur-Seine, mji aliozaliwa, na huko ndiko alikofia. Jina lake limebaki katika kipande cha mti kinachobanwa kati ya sikio la mkunga na tumbo la mama. Wapo watakaofurahi siku kila kituo cha Magu kitakapokuwa na kifaa cha kisasa cha kufuatilia mapigo, na siku hiyo ije upesi. Hata hivyo, miezi kabla ya mapigo hayo kuhesabiwa, shambani na kisimani, kuna kazi ambayo hakuna kifaa kitakachoifanya kwa niaba yetu.